Mtori wa Elisante

Mama Neema,

Kosa wanalofanya watu wengi mtu wao anapobanwa na kifua ni kumtazama pua na mdomo tu. Wanasikiliza anavyokohoa, wanampima homa kwa kiganja, wanafungua dirisha. Hakuna anayeuliza kama amekojoa.

Najua ungekuwa hapa ungesema, "Baba Neema, salimia kwanza." Basi nakusalimu, mke wangu. Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba, hapa kwenye migomba, karibu na ulipolala. Mlima Meru umefunguka wote asubuhi hii, hauna hata wingu. Nyumba imejaa watu, maana leo tuna ibada ya shukrani. Mchungaji akimaliza nitaisoma barua hii mbele yao. Wameniomba maneno machache, na wewe unajua sijawahi kuwa nayo machache.

Tunashukuru kwa ajili ya mdogo wako Elisante. Ni mzima. Nakuambia mapema ili usisikilize roho ikiwa juu.

Siku zako za mwisho uliniambia, "Elisante usimwache." Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu Elisante ana bucha yake Kijenge, ana wajukuu, na tumbo lake linatangulia kuingia mlangoni. Lakini wewe ndiye uliyembeba mgongoni mama yenu alipofariki, na kwako hakuwahi kushuka. Nikakuahidi.

Baridi ya Julai ilipokuja, mji mzima ulikohoa, naye akakohoa. Akalala na homa, jasho linamtoka, hali wala hanywi, anasema maji yanamkwaruza koo. Mwili ulipomuuma akameza vidonge vya maumivu tumbo likiwa tupu, asubuhi, mchana na jioni, kama mtu anayekula karanga. Pumzi ilipoanza kumpungua, mkewe, Mama Anna, alinipigia simu, tukamkimbiza hospitali. Walimwekea oksijeni, kifua kikaanza kutulia, sisi tukaanza kupongezana.

Ndipo daktari, binti mmoja mpole, akaniuliza, "Shikamoo mzee. Mgonjwa wetu mara ya mwisho amekojoa lini?"

Tukatazamana mimi na Mama Anna. Hakuna aliyejua. Wakamwekea mpira na mfuko wa mkojo, na kilichoingia mle kilikuwa kidogo tu, cheusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Damu ilipopimwa, daktari akasema kirusi kimepiga kifua, lakini figo nazo zimeumia, na zisipoamka itabidi damu isafishwe kwa mashine.

Ngoja nikueleze, maana ulipenda kuniuliza mambo ya baiolojia kisha ukasinzia katikati. Figo ni chujio. Damu yote hupita humo, uchafu unatoka na mkojo. Sasa chujio haliwezi kufanya kazi kama hakuna kinachomiminwa. Homa ilimkausha maji, damu iliyofika kwenye figo ikapungua, nayo ilikuwa na oksijeni kidogo kwa sababu mapafu yamechoka. Mwili ukipigana na kirusi huwaka wote, na moto huo hauchagui kiungo. Halafu vile vidonge vikaibana zaidi mishipa ya figo. Kila jambo peke yake pengine angelivuka. Yalimkuta pamoja.

Nilirudi nyumbani nikaja kusimama hapa kaburini kwako.

Kesho yake ndugu wakaja hospitali, na unajua ndugu zako wanavyokwenda kumwona mgonjwa. Kila mmoja na chupa yake ya mtori. Mama Anna alikuwa ametengeneza wa ndizi mshare kutoka mgomba huu ulioupanda wewe, na nyama ya kifua kutoka buchani. Sista wa wodi akawazuia mlangoni, wote. Angewazuia kwa mkuki wasingeshangaa hivyo. Shangazi yenu akasema, "Mgonjwa wa Kimeru anyimwe mtori? Sasa atapona kwa kula nini, chaki?" Na akanitazama mimi, mwalimu mstaafu, kana kwamba chaki ni yangu.

Nikawaeleza pale pale kwenye benchi. Ndizi ina madini ya potasiamu kwa wingi. Figo nzima hutoa yanayozidi. Figo iliyolala huyaacha yajae kwenye damu, na yakijaa huvuruga mapigo ya moyo mpaka moyo unaweza kusimama. Tunachompa mtu kwa upendo wote ndicho kingemmaliza. Kisha tukaunywa mtori wenyewe, kwa huzuni, na ulikuwa mtamu sana.

Mchungaji akaingia kuomba. Akamwombea Elisante pumzi, akamwombea nguvu, kisha akakwama akitafuta neno la heshima. Mwishowe akasema, "Na Bwana, mjalie haja ndogo." Shangazi akajibu, "Kubwa, Bwana! Haja ndogo iliyo kubwa!" Elisante, ambaye hakuwa amesema neno tangu jana yake, akatikisika kitandani. Alikuwa anacheka.

Tukangoja. Kila mara daktari alipopita alitazama mfuko kabla hajatutazama sisi. Mashine tuliiogopa, tukawa tayari kuikubali. Halafu asubuhi moja sista alitoka wodini akitabasamu, akanishika mkono, akanipeleka kitandani. Mfuko ulikuwa umejaa, rangi ya nyasi kavu. Nimeona watoto wetu wakizaliwa na wanafunzi wangu wakihitimu, na nakuambia kweli, nilisimama mbele ya mkojo wa shemeji yangu nikalia machozi ya furaha. Akaniambia kwa sauti ya kukwaruza, "Mwalimu, nipe maksi zangu."

Mashine hawakuitumia. Siku zilizofuata alikojoa kama anayelipa deni la mji mzima, wakawa wanampa maji wasije wakamkausha tena. Damu ikaendelea kusafika, akaja nyumbani. Mtori bado walimkatalia, mpaka kliniki ya juzi, daktari aliposoma majibu akasema, "Bakuli moja, mzee. Dogo."

Sasa hivi namwona. Amekaa kwenye gogo karibu na kaburi lako, bakuli mkononi, anakula polepole na kukulalamikia kwamba mtori wa Mama Anna haufikii wako. Mama Anna amemsikia. Ndizi ni za mgomba wako.

Basi lala, mama. Elisante sijamwacha. Kila tarehe ya kupimwa figo nitampeleka mwenyewe, na akigusa kidonge cha maumivu bila kumuuliza daktari nitamshitaki kwako. Mkungu unaofuata ukikomaa nitakuja kukuambia anaendeleaje.

Na ninyi mlionisikiliza, kila mmoja ana mtu anayekohoa nyumbani. Leo mkifika, kabla hamjampa chochote, mwulizeni: mara ya mwisho umekojoa lini?