Maoni ya Kumi na Tatu

3 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Najua u mzima. Na goti? Bila shaka limepoa. Mimi sijambo, ila roho juu juu. Wanafunzi wangu wa vipindi vya majadiliano, wale wa mwaka wa kwanza wanaoanza nadharia ya siasa, wametakiwa kutoa maoni kuhusu ufundishaji wangu. Mkuu wa idara akishayasoma ndipo ataamua kama naongezewa mkataba. Mmoja tayari kaandika: "Anauliza swali, anajijibu, halafu anatupongeza." Linki hii hapa, ujionee ninavyoonewa.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijapoa, ila hukungoja nijibu. Huyo mtoto wala hajakuonea. Lakini mimi ni mama yako, siwezi kukaa kimya watu wakikusema. Nilibonyeza ile linki, ikafunguka, basi nami nikaandika kidogo. Usihofu, jina sikutaja.

Mama yako

10 Mei

Mama!

Shikamoo, na pole na goti. Umenimaliza! Nina wanafunzi kumi na wawili, maoni yamekuja kumi na matatu. Mkuu wa idara kaniita ofisini, akanisomea ya kumi na tatu kwa sauti: "Mwalimu huyu hata mimba yake haikunisumbua. Ana akili nyingi, tatizo akiwa na wasiwasi hasikilizi mtu. Mwongezeeni mkataba, na mumwambie ale." Anataka niwaeleze wanafunzi mwenyewe kesho, naye atakaa nyuma asikie. Mkataba ndiyo basi tena.

Mwanao

17 Mei

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje?

Niliwaambia ukweli, jasho likinitoka. Walicheka, weee! Kisha binti mmoja akauliza: mzazi asiye darasani ana haki gani ya kutoa maoni? Mwenzake akamrukia: kwani matokeo si yanamgusa? Mada ya wiki ilikuwa hiyo hiyo, nani ana haki ya kupiga kura. Nilikuwa nimeandaa kurasa sita, sikufungua hata moja. Saa nzima nilifunga mdomo, Mama, kwa kuogopa kwamba nikiufungua nitalia. Mwisho wakapiga kura juu yako. Umeshindwa, saba kwa tano.

Mkuu alipokuwa anatoka akasema, "Mwaka ujao fundisha hivi hivi." Mkataba nimesaini leo.

Mwanao

18 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba! Nimepiga kelele jikoni mpaka jirani kaja mbio akidhani nimeungua. Hongera sana, baba, nimefurahi mno.

Ila hayo matokeo siyatambui. Kura zihesabiwe upya, na safari hii nataka wakala wangu awe ndani ya chumba.

Mama yako