Hongera ya Tabia na Magauni ya Zambarau

Binti yangu Tabia amechaguliwa na serikali kwenda chuo, tena serikali yenyewe ndiyo inayolipa! Mpendwa Shangazi Beatha, nisamehe salamu zimekuja nyuma, shikamoo, naomba msaada wako maana furaha hii imenigeuka na sijui niishike wapi.

Mimi ni mwenyeji wa Morogoro, niliolewa na mpigania uhuru wa huku Afrika Kusini alipokuwa uhamishoni kwetu, na nchi yao ilipopata uhuru nikaja naye Johannesburg pamoja na Tabia akiwa darasa la tatu, mtoto ambaye nikikwambia ana mikono, basi ana mikono, alikuwa akishona mashati kwenye kiwanda kimoja hapa mjini na msimamizi mwenyewe alikuwa akipita anasimama kuangalia kola zake, sijisifu ila ndivyo ilivyo. Nguo za kutoka China zikajaa madukani kwa bei ya kutupa, kiwanda kikakosa wateja, mwezi wa tisa kikafungwa wakatoka wote. Serikali ikasema waliopoteza kazi kwa sababu hiyo itawasomesha ufundi mwingine na kuwapa posho kidogo, wakaomba wengi, Tabia wangu akawa miongoni mwa waliopata, Januari anaanza chuo huko Midrand kujifunza kutengeneza mafriji na mitambo ya baridi. Injinia wa baridi, Shangazi, katika ukoo wetu ni wa kwanza.

Sasa mimi ningekaaje kimya? Nikasimama kanisani nikatangaza kwamba binti yangu kachaguliwa na serikali, hayo ya kiwanda sikuyataja maana yangeharibu utamu, akina mama wakapiga vigelegele, tukakubaliana iwe sherehe na iwe na sare. Nikaenda kwenye maduka ya jumla katikati ya mji nikapata magauni yaliyokwisha shonwa, zambarau, vifungo vya dhahabu, nikabeba furushi zima hadi kwetu Yeoville nikawagawia wenzangu, hata Mama Victorine wa Lubumbashi, ambaye huwa hapendi kitu, alilipenda lake.

Tabia aliporudi akalichukua moja akaligeuza ndani nje kama anavyofanya kwa kila nguo, akaangalia mshono wa kwapani, akakaa. Kwa kawaida yule akikasirika anaingia Kizulu na mimi namwacha mpaka kiishe, lakini siku hiyo alisema kwa Kiswahili, taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama, hizi nguo za China ndizo zilizofunga kiwanda chetu. Mimi nimepoteza kazi, wewe unanunua sare."

Nikamwambia lakini mwanangu, si ndiyo rangi unayoipenda. Akachukua begi akaenda mtaa wa Alexandra kwa mwenzake waliyekuwa wakishona pamoja, wiki ya pili sasa, simu yangu hapokei, na baba yake badala ya kunisaidia anasema eish, mama Tabia, safari hii umejishonea mwenyewe. Je, nirudishe magauni? Nitafute rangi nyingine? Nifanye nini mwanangu arudi nyumbani?

Mama Tabia, Yeoville

Mama Tabia, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia binti yako "pole", sikupaona. Vigelegele nimeviona, vifungo vya dhahabu nimeviona, hata Mama Victorine nimemwona. Kwani jirani akifiwa, wewe unaingia msibani kumpongeza kwa mirathi?

Najua unampenda, furushi lote hilo hulibebi kwa mtu usiyempenda. Ila mtoto kafungiwa mlango wa kazi aliyoiweza, akarudi nyumbani akakuta mama anashangilia. Magauni yenyewe si dhambi, hata blauzi niliyovaa nikikuandikia imetoka huko huko China. Yavaeni kanisani, yavaeni sokoni, lakini si kwenye shughuli ya Tabia. Na serikali haikumchagua kwa uzuri wa kola zake. Inamsaidia kwa sababu kazi yake imekufa, na msaada huo ni haki yake wala hauna aibu, kwa hiyo huna haja ya kuupamba.

Acha kupiga simu. Panda teksi uende Alexandra mwenyewe, bila furushi na bila Mama Victorine. Ukifika, neno injinia liache mlangoni. Mwambie, "Mwanangu, pole kwa kazi," halafu nyamaza. Kwako huo ni mtihani, lakini jaribu. Akianza kueleza habari za kiwanda msikilize mpaka amalize, hata akiingia Kizulu. Akishamaliza, muombe ruhusa ya kualika watu, na usialike hata mmoja kabla hajakubali. Akikubali, waite na wenzake wote waliotoka naye kiwandani, hasa wale waliokosa nafasi ya chuo, na hao ndio wapakuliwe kwanza. Kila mtu avae alichonacho.

Kisha simama tena kanisani, safari hii useme habari nzima: kiwanda kimefungwa, tunakwenda kumpa Tabia pole; chuo kimepatikana, tukishampa pole tutampongeza. Atakayekuuliza sare ni ipi, mwambie hakuna. Sherehe iwe siku ambayo kazi zote zimefungwa, asiwepo wa kusingizia zamu: waje wote kwako Yeoville, Jumamosi tarehe kumi na sita Desemba, sikukuu ya Maridhiano, saa saba mchana.