Kompyuta Haijifungi Tena

Rodel,

Tambi ziko chini ya kawa, pasha mwenyewe. Sahani iliyo mbele ya picha ni ya baba yako, usiidokoe.

Kompyuta sasa inafunguka bila kuuliza neno la siri, na haijifungi hata ikiachwa kutwa. Liezel wa jirani amezima vyote. Ole wako urudishe!

Leo siku ya tisa, ya mwisho, ya kumwombea marehemu baba yako, dada yako Analyn kaomba ruhusa kazini huko Dubai ili asali nasi kwa video kwenye kompyuta. Wewe ukawasha kompyuta, ukakimbilia majogoo wako wa kupigana, simu umezima. Tunapanga viti tu, mashine ikajifunga. Tukawa tunamsikia Analyn anapiga, anapiga, hatuwezi kupokea. Nikajaribu majina ya majogoo wako wote, majirani wananingoja na rozari mkononi. Tumesali bila yeye.

~~Makaburini usije.~~ Niko makaburini. Lete mishumaa.

Ulipopiga baadaye ukaniambia neno lenyewe ni Crisanto, jina la baba yako, nilikaa chini. Hilo sikulijaribu. Sikudhani kama bado unalikumbuka.

Mama