Gorfa ya Bwana Nzige

Jumatatu, 4 Juni 1956

Bwana Nzige ameniletea sanduku lake. Jina lake la kweli ni Petifa, lakini yeye ndiye msimamizi wa dawa ya nzige hapa Garsen, basi jina ni hilo. Sanduku ni ampilifaya — ndiyo inayoipa sauti yake nguvu ya kufika Mombasa anapozungumza na wenzake hewani. Si kazi ya serikali. Ni mchezo wao, watu wazima kabisa, kuitana kwa herufi na namba na kuulizana kama mvua imenyesha. Mchezo huo naupenda kuliko chakula.

Globu zinawaka. Sauti haina nguvu hata ya kuvuka mto. Fyuzi zinakatika.

Nikamwambia nitaitengeneza, ila nami nataka kitu. Nifanye mtihani wa leseni, niwe na herufi zangu mwenyewe hewani. Akavaa kofia yake. Kisha akasema Jumamosi ana miadi na rafiki yake wa Mombasa, na huyo rafiki ndiye anayesimamia mtihani. Sauti ikimfikia, atampa jina langu.

Jina langu, Bule, halijui. Mwaka wa pili huu ananiita Fundi.

Jumatano, 6 Juni

Zile globu mbili kubwa zinataka volti mia sita. Napata mia na arobaini. Mia nne na sitini zinakwenda wapi? Haziwezi kuwa zimekwenda kunywa chai.

Nimebadilisha fyuzi. Nimepima kondensa moja moja. Nimelehemu upya kila kiungo nilichokitilia shaka, na vichache visivyo na kosa, kwa hasira tu. Mia na arobaini. Jenereta ya duka ikinguruma kidogo sanduku linatoa sauti ya tsss, kama kitunguu kwenye mafuta, na harufu mbaya ya rangi inayoungua.

Adow — duka ni lake, mimi natumia kibaraza — alitoka na kikombe mkononi akauliza kama achinje sasa kabla mgonjwa hajafa akawa haramu. Wateja wake wakacheka. Nami nikacheka, maana kibaraza ni chake.

Vitani Burma nilibeba wireless ya jeshi mgongoni na nikaitengeneza matopeni. Koplo wetu hakujua chanya na hasi. Leo koplo ana kazi ya simu mjini na viatu vya ngozi. Mimi nilipewa blanketi.

Alhamisi, 7 Juni

Mvua tangu alfajiri. Mto umepanda, watu wa Minjila wanahamisha ng'ombe.

Volti tisini. Tisini! Sikugusa kitu. Inashuka yenyewe.

Ijumaa, 8 Juni

Nimerudi kutoka msikitini nikakuta moshi kibarazani.

Shemeji yangu Batula, mke wa kaka, humletea Adow maziwa na huziacha gorfa zake hapo — vile vyombo vya kusukwa vya maziwa. Wanawake wetu huvifukiza: makaa mekundu, vijiti vya mti wenye harufu, chombo mdomo chini, maziwa yasiharibike. Lakini kilichokuwa mdomo chini leo si gorfa. Sanduku la Bwana Nzige liko juu ya mawe matatu, makaa chini yake, moshi unatoka kila tundu. Globu Batula amezing'oa akazipanga juu ya kanga kama mayai ya kanga.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema sanduku linanuka na linamharibia maziwa, na kama mimi siwezi kusafisha chombo changu, yeye anaweza. Nikasema maneno ambayo mtu aliyetoka msikitini hasemi.

"Shemeji," akasema, "chombo kikinuka hakifunguliwi misumari. Kinafukizwa. Hata mtoto wa kike anajua."

Akakusanya gorfa zake akaenda zake.

Nikarudisha globu, nikawasha jenereta, nikapima, angalau nijue hasara. Volti mia tano na tisini.

Nikapima tena. Mia tano tisini na tano!

Maji, jamani. Transfoma ilikuwa imekunywa unyevu wote wa Tana, umeme unavujia humo humo. Moto wa taratibu umeikausha. Moshi haukufanya kitu, moshi ni harufu tu. Lakini moto ni wake.

Sitamwambia.

Jumapili, 10 Juni

Jana sauti ilifika! Mombasa walijibu hata kabla hajamaliza kujitaja. Bwana Nzige alipiga meza kwa furaha, kisha akageuka akaniuliza nilibadilisha nini.

Pua yangu ilikuwa bado imejaa ule moshi. Nikasema: gorfa.

Akauliza, gorfa ya Kijerumani?

Nikasema ni ya zamani sana, siku hizi madukani haipatikani.

Papo hapo akamtangazia rafiki yake hewani. Rafiki akasema sanduku lake nalo limelegea kwa hewa ya bahari, je, gorfa itamfaa? Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa. Sasa anakuja! Jumamosi, yeye na sanduku lake, anataka kuiona gorfa ikifanya kazi kwa macho yake. Habari ya mtihani tutaizungumza hapo.

Nimelala vibaya.

Jumanne, 12 Juni

Nimejaribu mwenyewe, nyuma ya duka, kwenye redio kuukuu isiyo na mwenyewe. Kwetu mwanamume hafukizi. Hata kijiti hashiki. Lakini nani ataniona?

Nikawasha makaa, nikainama kupuliza. Nta ya kondensa ikayeyuka ikadondoka motoni, waya ukashika moto, nyusi yangu moja imekwenda. Moto wa taratibu una mkono wake, na mkono huo mimi sina.

Adow akatokea akanikuta nimechutama na kijiti mkononi. Akarudi dukani mbio. Hilo ndilo lililonitisha. Kufika adhuhuri watu wote wa kivuko wana habari kwamba Bule ameolewa. Mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto, simjui, alikuja mpaka kibarazani kuniuliza mume wangu ni wa kijiji cha Wenje au cha Ndera.

Alhamisi, 14 Juni

Nimekwenda kwa Batula na sukari na majani ya chai. Akapokea, akaendelea kukamua. Nikamwomba anifundishe. Akasema hafundishi wanaume, hata walioolewa.

Kumbe habari ilifika kabla yangu.

Sharti lake ni hili: atakuja yeye mwenyewe, atafukiza mchana, ndani ya nyumba ya Bwana Nzige, mbele ya wazungu. Halafu mimi, kwa mdomo wangu, nimwambie Bwana Nzige nani aliyeliponya lile sanduku la kwanza. Nikakubali. Yeye Kiswahili chake ni cha kuuzia maziwa tu, na Bwana Nzige Kiorma chetu hajui hata salamu. Nani atatafsiri? Mimi.

Nimerudi nikipiga mluzi.

Jumamosi, 16 Juni

Naandika haraka haraka, niko nje nyuma ya nyumba ya Bwana Nzige, nimekaa kando ya jenereta.

Batula alikuja amevaa nguo ya sikukuu. Mgeni wa Mombasa ni mrefu, mkimya, ana mita yake mwenyewe. Alipima sanduku lake kabla: mia mbili na kumi. Batula akalifukiza sakafuni, bila haraka, akigusa chuma kwa nyuma ya mkono kila mara kama anayepima homa ya mtoto. Likapoa, mgeni akapima. Mia tano na themanini! Bwana Nzige akaniambia nimwombe mama huyu aeleze.

Batula akasema: mwambie shemeji yangu alikuwa anampasua mgonjwa tumbo, na mgonjwa alikuwa na baridi tu.

Nikatafsiri kwamba fundi alimwelekeza vizuri.

Akasema: mwambie aliponikuta nalifukiza sanduku alinitukana.

Nikatafsiri kwamba nina subira.

Akasema: mwambie ile ahadi. Na mwambie mzungu soksi zake ni za mtoto.

Nikatafsiri kwamba anashukuru kwa ukarimu. Bwana Nzige akainamisha kichwa, amefurahi.

Hapo mgeni akakohoa. Akamsalimu Batula kwa Kiborana. Kiborana safi — alikaa Marsabit miaka. Kiborana na Kiorma chetu ni ng'ombe mmoja, madoa tofauti.

Batula akaitika salamu yote, pole pole, mpaka mwisho. Akajiweka sawa kitini. Kisha akaanza upya, tangu ile Ijumaa.

Nikasema nakwenda kutazama mafuta ya jenereta.

Mafuta yapo tele. Kutoka mle ndani nasikia vicheko vitatu. Mgeni anamfasiria mwenzake, nimesikia "baridi", nimesikia "soksi", nimesikia Bwana Nzige akicheka mpaka anakohoa.

Sasa Bwana Nzige yuko dirishani na kalamu. Anasema mgeni amekubali. Nafasi ya mtihani ni moja, anataka jina la fundi wa gorfa, nimtajie herufi moja moja asikosee.

"B," nimemwambia.

Ameandika. B ni yetu sote wawili, mpaka hapo sijamdanganya mtu. Batula amesimama nyuma ya bega lake. Kusoma hajui, haitazami karatasi. Ananitazama mimi.

Anauliza herufi ya pili, U yangu au A yake. Nimemwonyesha sikio langu, nimemwonyesha jenereta: sisikii.

Anauliza tena, kwa sauti zaidi. Batula ameinua mkono, anampigia mtu ishara — zima hiyo mashine.