Nakala Safi ya Sauti Yake

Jumatatu, 3 Machi

Binti yetu amepiga simu. Anaitaka ile video ya mama yake, iliyokatwa vizuri, aiweke kwenye simu yake mpya. Simu yake ya zamani, aliyorekodia, ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia na kila kilichokuwamo kikaenda na maji. Imebaki nakala moja tu, ile aliyonitumia mimi. Ni fupi. Mke wangu yuko jikoni, anasaga karoti kwenye blenda huku akinisimanga: shati langu, miwani yangu, jinsi ninavyokunja gazeti. Wiki iliyofuata alipasuliwa koo. Uhai ulibaki, sauti ikaenda. Sasa anaandika kwa chaki kwenye ubao mdogo wa mwanafunzi, na akicheka yanacheka mabega tu. Kamera alizichukia tangu ujana. Rekodi nyingine hatuna.

Blenda inanguruma kuliko yeye. Nitaiondoa. Si kazi kubwa.

Jumanne, 4 Machi

Ni kazi kubwa.

Programu za kuhariri video ni nyingi kama utitiri, na kila moja inajisifu kuwa ndiyo rahisi. Ya kwanza ilikataa faili: ati limebanwa kwa namna isiyoifahamu. Ya pili ililifungua — picha bila sauti! Mke wangu anachezesha midomo, hasikiki. Niliifunga upesi. Sikutaka apite nyuma yangu aione.

Jioni akaja jirani, Sekunde. Ndivyo mtaa unavyomwita, kwa kuwa kila jambo kwake ni sekunde moja. Ameleta ya tatu kwenye flashi.

"Mwalimu, hii ndiyo yenyewe. Hata mtoto wa chekechea anaiweza."

"Basi ungemleta yeye," nikamwambia.

Tulikata kipande cha mwanzo, tukahifadhi pembeni kama jaribio. Nembo ya programu imekaa katikati ya paji la uso wa mke wangu! Sekunde akasema ukilipa inaondoka. Nikamwambia atangulie yeye kuondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata ya nne. Ni ya bure, haina nembo. Inazungumza hata Kiswahili, kibovu cha kutisha, lakini nimemeza mate nikanyamaza. Mtu mwenye shida hachagui mwalimu.

Nafanya kazi kama tulivyofundishwa chuoni: nakala safi ikipatikana, rasimu huchanwa. Nakala mbili mezani ni mwanzo wa vurugu. Kwa hiyo kila nikirekebisha nahifadhi, ya kabla yake nafuta, na pipa la kompyuta namwaga. Hata ule ujumbe wa binti ulioleta video kwenye simu yangu nimeufuta. Ibaki moja, iliyo sahihi.

Jambo moja silielewi. Juzi uso wake ulikuwa laini. Leo shavu lina vigae, kama sakafu ya bafu. Sikuligusa shavu!

Amesimama mlangoni na ubao: *Bado tu, mzee?*

Karibu, nikamjibu.

Ijumaa, 7 Machi

Blenda imetoka! Unaionyesha programu kelele ni ipi, nayo inaifuata kila ilipo na kuing'oa. Kubonyeza mara moja tu. Nilifumba macho nikasikiliza. Sauti yake peke yake — nyembamba kidogo, kama ya mtu anayesemea mtungini, lakini maneno yote yapo. Niliyafuata neno kwa neno, kama imla. Hakuna lililopungua.

Nimehifadhi. Nimefuta. Nimemwaga.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimtumia binti. Alipiga papo hapo, hata shikamoo hakutoa.

"Baba, kicheko kiko wapi?"

"Kicheko gani?" nikauliza.

"Pale anaposema unakunja gazeti kama unamfunga mtoto nepi. Alicheka mpaka akashika meza."

Nikatazama. Ameshika meza. Mdomo wazi. Kimya.

Kicheko kilipanda pamoja na mngurumo wa blenda, programu ikakihesabu kelele. Nami nilikuwa nasikiliza maneno.

"Si neno, baba. Nitumie ile ya mwanzo, nitahangaika nayo mwenyewe."

"Nimeichana."

"Unachanaje faili?"

Nikamweleza. Pipa je? Limemwagwa. Ujumbe je? Nao. Akasema polepole kwamba kila ukihifadhi, video inabanwa upya. Ni kama kufua shati moja kila siku, mwishowe unaanika wavu. Kumbe ndivyo vigae vya shavuni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mama anajua?"

Nikasema simu inakatikakatika. Haikuwa ikikatika.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi yote nimetafuta programu ya kurudisha. Zipo za kukata, za kuunga, za kubana, za kung'oa. Ya kurudisha sikuiona.

Sekunde amepita, nikamsimulia. "Mwalimu, kwani blenda si ipo? Iwashe, turekodi kelele, tuichomeke!"

"Na kicheko?"

Kwa mara ya kwanza hakuwa na sekunde hata moja. Akaaga.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameshavuta kiti. Ubaoni: *Leo nasikia.* Nikasema bado ina makosa. Akaligonga neno *Leo* kwa chaki, mara mbili. Akavaa hedifoni mwenyewe, akabonyeza mwenyewe.

Shati — akatikisa kichwa. Miwani — akanikonyeza. Gazeti — mabega yakaanza kucheka kabla hajafika, kama mtu anayeijua njia. Yakafika. Yakasimama.

Ameondoa hedifoni upande mmoja, ameigonga, ameirudisha. Akairudisha video nyuma kidogo, akasikiliza tena. Akanitazama. Alifuta ubao kwa kiganja, akausukuma mbele yangu, akaniwekea chaki mkononi.

Ninayo bado, mkono wa kushoto. Kwa wa kulia naandika haya. Ubao ni mtupu. Yeye amerudisha tena pale pa gazeti, ameinama, ameziba masikio juu ya hedifoni kwa mikono miwili —