Wilondja na dindon wa nyuma ya nyumba

Lydie weee, shemeji yako Wilondja atanitoa roho!!

Wiki ya sita ya lockdown huku ugenini, kazini kumefungwa, hawezi kutulia hata kwenye kiti. Leo saa sita akaona dindon, yule bata mzinga mweusi wa porini, anakwaruza majani nyuma ya nyumba. Mate yakamjaa.

Eti: "Mwindaji mkubwa wa dindon hakimbizi. Anakaa kimya mpaka ndege amsahau." Akalala chini ya mti, mikono tayari.

Hakimbizi! Kalala SAA NZIMA, Lydie!

Jirani akachungulia juu ya uzio, akaona mtu hatikisiki, amefunikwa majani mpaka kifuani. Kumbe dindon ndiye anamfukia, anajenga kilima cha majani cha kufukia mayai juu yake! Jirani akaita ambulansi, anapiga kelele "Covid! Covid!"

Wakaja wawili, wamevaa kama wanaenda mwezini. Nilijua nimeshakuwa mjane.

Wakamgusa. Akafungua jicho moja: "Shhh."

SHHH, Lydie!

Wakamwambia huyo ndege analindwa na sheria, hata kumgusa ni kosa.

Sasa anazunguka jikoni, majani bado kichwani. Unajua ananiambia nini?

"Lakini uliona, mama Ornella? Hakunijua! Alidhani mimi ni udongo wa hapa."