Sauti Iliyokuleta Mbio Jikoni

Mama watoto,

Tangu siku tulipomzika mwanetu, sauti yake haikusikika humu ndani mpaka leo asubuhi. Nisamehe.

Chai iko kwenye chupa. Kisahani usikiguse. Zile chembe ndogo kama mtama ndani yake ni vipuri vya kulehemu kwenye saketi, zimetoka kwenye seti ya mwanetu ya mazoezi kwa wanaoanza. Ukipiga chafya tu zimepotea.

Nilikuwa nafuata video zake za mafunzo. Macho yangu yakiwa kwenye lenzi ya kukuzia siwezi kutazama simu, ndiyo maana nikafungulia sauti yote. Sikukumbuka kwamba alizirekodi hapa mezani, mimi nikimshikia taa. Mara akasema humo kwenye video, "Mzee, usitikise taa bwana!" Ukaja mbio na kikombe chake mkononi. Kisha ukaniambia, "Mwache mwanangu apumzike."

~~Nimezifuta zote.~~ Hapana, nisikudanganye, sikufuta. Nimechoka, mke wangu, lakini nikimsikiliza mikono haitetemeki.

Nimetoka kununua spika za masikioni. Kesho utanikuta nimeinama mezani, na hutasikia kitu.

Baba watoto